Kesi Aliyoshindwa Wangari Maathai

Wanafunzi wetu humjua marehemu Profesa Wangari Maathai kwa jambo moja tu: kupanda miti. Siku ya mazingira ikifika, picha yake hutundikwa ukutani, shairi hughanwa, miche michache hutiwa ardhini mbele ya mgeni wa heshima, na kufikia likizo ya Agosti mbuzi wa jirani wamekwisha kuitafuna. Mimi ni mwalimu wa Historia na Serikali hapa Makutano, Meru, mahali ambapo barabara itokayo Embu kupitia Chuka na Nkubu hukutana na ile ya Nanyuki, na msitu wa Imenti uko karibu nasi. Kwa muda mrefu nimeshikilia rai kwamba tumemsoma mama huyu upande mmoja. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kuwa raia, lililo kubwa zaidi katika maisha yake si ile miti milioni 30 ambayo chama chake kilisifiwa kwayo. Ni kesi moja aliyoshindwa mwaka 1989. Naomba walimu wenzangu na wanafunzi wanivumilie nieleze kwa nini.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, upande wa pili wa Mlima Kenya ukitazama kutoka kwetu. Sehemu ya utoto wake aliipitisha karibu na Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mlowezi wa Kizungu, kisha mwaka 1947 akarudi Ihithe pamoja na mama yake. Karibu na boma lao palikuwa na mugumo mkubwa, na jirani yake kijito. Mama alimkanya asiokote hata kijiti cha kuni kutoka mti ule, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Mtoto alitii. Alicheza kijitoni, akajaribu kuyaokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, nayo kila mara yakamponyoka vidoleni. Alipokwisha kusomea sayansi ndipo alipotambua kwamba mizizi ya mugumo hupenya chini sana, hushika udongo wa mteremko na kuyafungulia njia maji yaliyo ardhini. Baadaye mti ule ulikatwa ili kupisha majani chai, na kijito kikakauka.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama hadithi ya kitoto. Mimi hukisoma kama somo la sheria. Mwiko ule ulikuwa na vitu vyote tunavyovitafuta katika sheria yoyote ya mazingira: kitu kinachohifadhiwa, watu wanaowajibika, na adhabu inayoogopwa. Haukuandikwa popote, wala haukuhitaji askari wa msitu. Sisi Wameru tunalijua jambo hili vyema. Wazee wa Njuri Ncheke walikuwa walinzi wa vichaka vya ibada, kama vile msitu wa Giitune, na aliyevunja mwiko alitozwa mifugo. Jirani zetu Waembu na Wambeere nao walikuwa na vichaka vyao. Lakini sheria ya mwiko hudumu maadamu watu wote wa mahali pamoja wanaiamini. Zilipokuja dini mpya, kisha hatimiliki za ardhi na bei ya chai na kahawa, mwiko haukuwa na pa kukimbilia, kwani hapakuwa na mahakama iliyoutambua. Mugumo wa Ihithe haukuwa na wakili.

Elimu yake nitaipitia kwa haraka, maana imo katika vitabu vingi. Alisoma Ihithe, kisha shule ya Mtakatifu Sesilia huko Mathari, kisha Loreto Limuru. Mwaka 1960 alipata nafasi katika ule msafara maarufu wa wanafunzi waliopelekwa Marekani, akahitimu huko Atchison, Kansas, mwaka 1964, na kupata shahada ya uzamili Pittsburgh. Mwaka 1971 akatunukiwa uzamifu huko Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hilo. Taaluma yake ilikuwa anatomia ya wanyama. Hakuwa mwanasheria wala bwana misitu, na hilo nalisisitiza makusudi, kwa sababu yapo mazoea nchini mwetu ya kumwuliza mtu cheti kabla ya kumsikiliza hoja.

Kilichomtoa katika maabara ni kupe. Alipokuwa akifanya utafiti kuhusu kupe waenezao ndigana kali, alizunguka mashambani, akaona ng'ombe waliokonda na mito iliyobeba udongo mwekundu baada ya mvua. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake akawasikia akina mama wa vijijini wakilalamikia uhaba wa kuni. Waliokosa kuni waliacha kupika vyakula vinavyochukua muda mrefu motoni, wakawalisha watoto mikate myeupe na ugali wa unga uliokobolewa, na utapiamlo ukaingia katika nyumba zilizokuwa na fedha za kahawa. Akaunganisha mambo hayo. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba huko Kamukunji, Nairobi, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Maofisa wa misitu waliona ajabu kwamba wanawake wasio na stashahada wangeweza kuotesha miche. Wanawake wakaotesha katika makopo mabovu na vyungu vilivyovunjika, na kila mche ulioshika ukalipwa senti chache.

Alikuwa amekwisha kuonja ukali wa mahakama kabla ya hayo ninayotaka kuyaeleza. Mwaka 1979 ndoa yake ilivunjwa hadharani, magazeti yakishuhudia. Alipomkosoa jaji katika mahojiano na jarida moja alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akakaa gereza la Lang'ata siku tatu kisha akaachiliwa. Mume hakutaka aendelee kutumia jina lake. Naye akaongeza herufi moja, Mathai ikawa Maathai. Mwaka 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa kwa hoja ya uandikishaji wa wapiga kura, na chuo kikakataa kumrudisha kazini. Mtu wa kawaida angekata tamaa na sheria kwa jumla. Yeye hakukata.

Sasa tufike mwaka 1989. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja. Ilikusudiwa lijengwe jumba la orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, jijini Nairobi, liwe makao ya chama cha KANU na ya gazeti la Kenya Times, na hapo pia isimamishwe sanamu kubwa ya Rais. Fedha nyingi zilikuwa zitoke kwa wakopeshaji wa ng'ambo. Uhuru Park ni mahali ambapo mtu asiye na senti huweza kulala kwenye nyasi siku ya Jumapili bila kuulizwa alipe nini. Profesa Maathai akaanza kuandika barua. Aliiandikia ofisi ya Rais, kampuni yenye mradi, mkuu wa mkoa, mashirika ya Umoja wa Mataifa, hata balozi wa Uingereza. Majibu aliyoyapata yalikuwa ya matusi. Mnamo Novemba wabunge waliacha shughuli zao wakamjadili yeye, wakambeza na kuwaita wenzake kundi la wanawake waliotalikiwa. Rais mwenyewe alidokeza hadharani kwamba mwanamke mwenye kufuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza.

Tarehe 24 Novemba 1989 alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Tarehe 11 Desemba Jaji Dugdale aliitupa kesi hiyo. Zingatieni sababu. Mahakama haikusema kwamba jumba lile lilikuwa zuri au baya, wala haikupima bustani ingepoteza nini. Haikufika huko kabisa. Ilisema kwamba mlalamikaji hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha dhara lililompata yeye binafsi. Na kwamba kuwa na maoni makali kuhusu jambo fulani hakumpi mtu ruhusa ya kulifikisha mahakamani. Mali ya umma ilikuwa na mtetezi mmoja tu, yaani Mkuu wa Sheria, na Mkuu wa Sheria alikuwa mtumishi wa serikali iyo hiyo iliyoutaka mradi.

Nitakuwa dhalimu nisipoongeza kwamba jaji hakulizua jambo hili. Ni kanuni kongwe tuliyoirithi kutoka Uingereza, na shabaha yake ni kuwazuia wadukizi wasiishughulishe mahakama na yasiyowahusu. Katika ugomvi wa mpaka wa shamba au deni la ng'ombe kanuni hiyo ina busara. Lakini itumieni kwa mazingira mwone inavyopinduka. Mto Kathita hutoka mlimani, ukapita mjini Meru, ukaenda kujiunga na Tana. Mtu akiumwagia sumu, ni nani aliyeumia? Kwa mantiki ya hukumu ile, wakiumia wote sawasawa basi hakuna aliyeumia kisheria. Ukimwibia mtu mmoja ndoo ya maji, anaweza kukushtaki. Ukiwaharibia mto watu elfu hamsini, kila mmoja wao huambiwa kwamba hilo halimhusu yeye hasa kuliko jirani yake. Kadiri dhara linavyoenea ndivyo linavyopungukiwa na mlalamikaji. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huicheka hoja hii mpaka nikiwaeleza kwamba ilikuwa ndiyo sheria ya nchi.

Baada ya hukumu hiyo, Green Belt Movement ilifurushwa kutoka ofisi yake kwa taarifa ya saa 24, wafanyakazi wakahamia nyumbani kwa Profesa huko South C. Hata hivyo jumba halikujengwa. Kelele zilikuwa zimefika kwa wakopeshaji, nao wakaanza kurudi nyuma, na mnamo Februari 1992 ua uliozungushiwa bustani ukabomolewa. Wapo wanaolitaja jambo hili kama ushindi wa haki. Mimi naona ulikuwa ushindi wa aibu, yaani serikali iliona haya mbele ya wageni wenye fedha. Ushindi wa namna hiyo haumsaidii mtu wa Runyenjes au Mikinduri ambaye mto wake haujulikani na balozi yeyote.

Miaka iliyofuata ilimgharimu mwili. Mwezi huohuo wa Februari 1992 alijiunga na akina mama waliogoma kula katika bustani ileile wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Mapema mwezi Machi polisi waliwavamia, naye akapigwa hadi akazirai. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi kwa siri, na walinzi wa kukodiwa wakampasua kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Alijua askari wale wasingemkamata mtu. Alitaka tu jambo lile libaki kwenye karatasi ya serikali, lisije likakanwa.

Kwetu huku mwaka huohuo wa 1999 ulikuwa wa msiba pia. Shirika la wanyamapori lilirusha ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare, na ripoti iliyotolewa ilionyesha yale ambayo watu wa Meru na Embu walikuwa wakiyaona kwa macho: miti ya kafuri na mierezi iliyokatwa kinyume cha sheria, matanuri ya makaa, mashamba ya bangi ndani kabisa ya msitu, na mahindi mahali palipokuwa na miti ya asili. Mlima huo ulikuwa umeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, lakini heshima hiyo haikumzuia mwenye msumeno. Mwaka 2000 msitu wa mlima ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ni nani kati yetu, wakazi wa Makutano, aliyewahi kwenda mahakamani kwa ajili ya Imenti katika miaka ile? Hata angekwenda, angejibiwa kama alivyojibiwa mama wa Ihithe. Ni hapo tu, kwa Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira iliyopitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000, ndipo mlango ulipoanza kufunguliwa kidogo.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa, kisha zikaja kwa pamoja. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kwa kura nyingi mno, na mwaka uliofuata akawa waziri msaidizi wa mazingira. Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda eneo lake la ubunge alipopata habari kwamba ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alisimama Nyeri, akaomba mche na jembe, akapanda mti akiuelekea Mlima Kenya. Ubunge aliupoteza mwaka 2007. Watu wetu ndivyo walivyo.

Katiba mpya iliidhinishwa na wananchi tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 ya mwezi huo. Sidai kwamba yeye ndiye aliyeiandika. Vifungu vile vina wazazi wengi. Lakini mtu akisoma kifungu cha 70 huku akiikumbuka hukumu ya mwaka 1989, ataona kama kwamba mmoja anamjibu mwenziwe. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Katika katiba ya zamani haki hiyo haikuwamo, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ililazimika kuichopoa ndani ya haki ya uhai. Kifungu cha 70 kinasema kwamba mtu akiona haki hiyo imevunjwa, inavunjwa, au inaelekea kuvunjwa, anaweza kwenda mahakamani, na hatakiwi kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine yeyote amepata hasara au jeraha. Mahakama inaweza kuzuia jambo kabla halijatendeka, au kumlazimisha mtumishi wa umma atende wajibu wake. Katiba hiyo iliagiza pia iwepo mahakama maalumu ya mazingira na ardhi, nayo leo ina vituo Meru na Embu. Mwananchi wa hapa hana haja ya kupanda matatu kwenda Nairobi.

Kwamba mlango huu hupitika kweli, watu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wameonyesha. Waliathiriwa na risasi, ile madini ya betri, iliyotoka katika kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikaiunga mkono fidia hiyo mnamo Desemba 2024.

Kuna kifungu kingine ambacho walimu tunakipita mbio kwa sababu hakitahiniwi mara nyingi, nacho ni cha 69. Sehemu yake ya kwanza inaiagiza serikali, pamoja na mambo mengine, ifanye kazi ili miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilisema tumefika asilimia 12.13, na viongozi wakashangilia. Hesabu iyo hiyo ilisema misitu yenyewe ni asilimia 8.83. Tofauti hiyo imeundwa kwa sehemu kubwa na miti ya mashambani kwetu, na mikaratusi iliyopangwa mstari kandokando ya mashamba ya chai huhesabiwa miti sawasawa na muuru wa Imenti uliokaa karne nyingi. Profesa Maathai aliipinga mikaratusi karibu na vyanzo vya maji hadi mwisho, na nadhani angeikataa shangwe hiyo.

Sehemu ya pili ya kifungu cha 69 ndiyo inayonigusa zaidi. Inasema kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na vyombo vya serikali na watu wengine kuyahifadhi mazingira. Si waziri peke yake, si bwana misitu, bali kila mtu. Na mwanafunzi wa miaka 15 ni mtu. Tumezoea kuwafundisha vijana katiba kama orodha ya madai: nina haki hii, nina haki ile. Hapa katiba inamgeukia raia na kumdai yeye. Kwa maoni yangu huu ndio ule mwiko wa mugumo uliorudi ukiwa umevaa joho la wakili: kitu kinachohifadhiwa, watu wanaowajibika, na safari hii mahakama ya kuutambua. Kilichopungua ni ile hofu. Mama yake Wangari aliamini kwamba kuna anayeona hata kijiti kimoja kikiokotwa. Sisi tunapita na lori la mbao usiku pale Makutano, tunaliona, tunanyamaza, kisha asubuhi tunawaambia watoto wapande miche.

Ndiyo maana napendekeza kesi ya mwaka 1989 isomwe darasani neno kwa neno, na wanafunzi wapewe kazi ya kuiandika upya kwa kutumia kifungu cha 70, mlalamikaji akiwa mkazi wa Meru na shauri likiwa la Kathita au Imenti. Waandike ni nani ashtakiwe, ni amri gani iombwe, ni ushahidi upi ukusanywe na nani. Nimejaribu zoezi hili kwa miaka kadhaa. Wanaotoka familia zinazouza makaa ndio huwa na hoja kali kuliko wote, kwa kuwa wanajua gunia linatoka wapi, linapita kwa nani, na nyumbani kutakuwa na nini mezani likikosekana.

Profesa Wangari Maathai alifariki Nairobi kwa maradhi ya saratani tarehe 25 Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 71, mwaka mmoja na karibu mwezi mmoja baada ya katiba kuzinduliwa. Wengi wa wanafunzi ninaowafundisha katika madarasa ya chini hawakuwa wamezaliwa. Alikuwa ameagiza kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo likasukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Tarehe 8 Oktoba taifa lilimpa maziko ya heshima, na ibada ikafanyika Uhuru Park, katika bustani ambayo Mahakama Kuu ilimwambia kwamba hakuwa na haki ya kuishtakia. Wakuu wa serikali walihudhuria, mti ukapandwa, kisha mwili ukapelekwa Kariokor kuchomwa. Majivu yake yako Upper Kabete, katika taasisi ya chuo kikuu inayoitwa kwa jina lake.